Treani wa Upande wa Pili wa Ukuta

Aprili 28
Daftari limefika na feri ya leo, limefungwa kwa karatasi ya kaki, na ndani yake barua ya Marsaili. Mwanangu anataka niandike kila ninachokiona, ndege, wanyama, maua, mvua, mpaka mwisho wa Agosti. Kazi hii kwa kisiwa chetu aliifanya marehemu mwalimu Coinneach miaka na miaka. Sasa kati ya watu thelathini na mmoja tuliobaki hapa, mradi mzima wa kuhesabu ndege wa Uskoti umenichagua mimi. Marsaili hakuandika "umechaguliwa", aliandika "Mama, hakuna mwingine", lakini ni kitu kilekile.

Mimi shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano nikaenda kupasua samaki kiwandani. Marsaili ni daktari. Si wa sindano, wa ndege, na mimi naona huyo ndiye zaidi, maana mgonjwa akiumwa anasema, ndege hasemi. Mwandiko wake mzuri kautoa kwangu.

Ukurasa una safu tatu: Tarehe, Hali ya Hewa, Ulichoona. Safu ya Ulichofikiri hakuna. Nitaandika pembeni.

Upepo wa magharibi, mvua ya kuja na kwenda. Sili saba, wale wanyama wa bahari, juu ya mwamba. Shakwe hawahesabiki. Kondoo mmoja wa Fearchar, ndani ya bustani yangu.

Aprili 29
Mvua.

Aprili 30
Mvua. Sili saba, nadhani walewale.

Mei 2
Jua! Nimeamka nikaona konde langu la majani halifai kuonwa na watu wa mradi, hata kama watalionea kwenye daftari tu. Nikachukua mundu na glavu za marehemu mume wangu, nikafyeka upupu wote wa ukutani, na yale majani marefu ya mfereji yanayotoa maua ya manjano, yote, mpaka udongo ukaonekana. Saa tano nzima. Mgongo umelia lakini konde linang'aa kama meza ya kanisa.

Upande wa pili wa ukuta ni kwa Fearchar, jirani yangu, mwanamume wa miaka sabini ambaye maneno yake ya mwaka mzima yanaingia kwenye kibweta cha kiberiti. Upupu wake unafika kiunoni. Alikuja akaegemea ukuta, kiko mdomoni, akaangalia.

"Umesafisha, Mama Marsaili."

"Nimesafisha. Na wewe ukitaka nikuazime mundu, sema tu, usione haya."

"Umesafisha sana," akasema, akaenda zake.

Huyo ndiye jirani niliyepewa.

Mei 5
Kekeo amelia mara tatu. Buabua wamerudi ufukweni na makelele yao.

Mei 9
Amekuja! Nilikuwa naanua nguo usiku, saa nne na bado kuna mwanga, nikamsikia: krek-krek, krek-krek, kama mtu anayekokota kitana kwenye ukingo wa meza. Treani. Wanaomjua kwa macho ni wachache, maana ni ndege wa kahawia asiyezidi kifaranga wa kuku mkubwa, anatembea ndani ya majani marefu na hatoki. Nilipokuwa mtoto walikuwa wengi hata babu yangu akiwarushia kiatu ili alale. Miaka miwili hii hatukumsikia hata mmoja.

Nikapiga simu huku bado nina vibanio mdomoni.

"Mama, tema hivyo vitu, sikusikii. Nani amekuja?"

"Treani! Kwangu!"

"Kwako kabisa? Ndani ya konde?"

"Ukutani." Kweli sauti ilitoka upande wa Fearchar, lakini ilikuja kwangu.

Akacheka kile kicheko chake cha utotoni. Akaniambia wakati wa baridi treani anavuka bahari na jangwa mpaka Afrika, kwenye mbuga za majani za Tanzania na Zambia, na huko haimbi hata kidogo. Nikamwambia basi huko ni mgeni mwenye adabu, anakuja kutupigia kelele sisi wenyeji.

Kisha akasema jambo ambalo nimeliandika kwa wino mweusi. Agosti, majani yanapokatwa, wao wa mradi hugawanywa kwenye visiwa vyenye vifaranga. "Treani wakitotoa hapo kwetu, Mama, nitaomba nipangiwe nyumbani. Wiki mbili nzima. Wasipototoa siwezi, ndio wakati wetu wa kazi nyingi kuliko wote."

Mara ya mwisho alikuja tulipomzika baba yake. Alikaa siku tatu. Mwaka wa pili sasa.

Wiki mbili.

Mei 11
Dukani. Seonag mwenye duka, ambaye pia ndiye posta na ndiye redio yetu, aliniona mlangoni akaanza: "Haya, leo binti kafanya nini? Kagundua mwezi?"

"Leo si binti, leo ni mama. Nina treani."

"Si yupo kwa Fearchar? Tormod kamsikia akiwa barabarani."

"Analala kwa Fearchar. Anaimba kwangu."

Wakacheka wote. Wacheke. Watoto wao wanauza bia Glasgow.

Mei 12 mpaka 16
Mvua na upepo. Treani anaimba humohumo. Mwanamume kweli.

Mei 23
Maua meupe na ya manjano yameanza kwenye mchanga nyuma ya ufuko, madogo, mengi, unakanyaga huku unaomba radhi. Fisi maji mmoja amepita na kaa mdomoni. Sijazungumza na mtu tangu Jumatano, isipokuwa fisi maji.

Juni 3
Marsaili kapiga simu. Kila akipiga anauliza ndege kwanza. Nina goti linaloniuma, nilitaka kumwambia, lakini alikuwa na haraka.

"Mama, ule upupu wetu wa ukutani na yale maua ya manjano ya mfereji, vimefika wapi sasa?"

"Nimevifyeka vyote! Ungeona, konde kama limenyolewa na kinyozi!"

Nikasikia anavuta pumzi.

"Mama, treani akifika Mei majani ya kawaida bado mafupi. Anajificha kwenye upupu na kwenye hayo maua ya mfereji. Ndiyo nyumba yake ya kwanza."

"Hukuniambia."

"Nilidhani unajua. Mwalimu Coinneach alikuwa anawaambia watu kila mwaka."

Alikuwa anawaambia watu, ndiyo, na mimi nilikuwa nikimpa chai na keki huku nikimsimulia habari za Marsaili. Hakupata nafasi.

"Ndiyo maana yuko kwa mzee Fearchar," akasema. "Yeye huuacha kwa makusudi."

Fearchar? Fearchar hakuacha upupu kwa ajili ya ndege. Fearchar aliacha upupu kwa sababu ni Fearchar.

Nimekaa jikoni muda mrefu. Nimekula viazi na siagi nikiwa nimesimama.

Juni 4
Ukungu. Sikuona kitu.

Juni 5
Ukungu.

Juni 14
Nimemwandikia Marsaili kwamba treani wetu anaimba kuliko treani wote wa Uskoti. Nimehesabu kwa saa ya ukutani: mara arobaini kwa dakika. Anaanza mchana, anaendelea usiku, alfajiri bado. Dukani nimewaambia, kisiwa chote hakuna mwenye pumzi kama hiyo.

"Ndege kakufanana," akasema Seonag.

Juni 20
Barua ya Marsaili, na mimi sasa najuta kujisifu. Anasema dume anayeimba mchana na usiku bila kupumzika ni dume asiye na jike. Akipata jike hunyamaza siku kadhaa. Kwa hiyo wiki sita zote hizi nilizokuwa nikitembea kifua mbele, yule maskini alikuwa analia njoo, njoo, njoo, na hakuna aliyekuja.

Leo jioni nimetoka mpaka ukutani nikamwambia kwa sauti, "Nyamaza basi, baba. Nyamaza tujue umempata." Fearchar alikuwa upande wa pili anapaka trekta grisi. Akainua kofia. Nadhani alidhani namwambia yeye.

Juni 24
Anaimba.

Juni 25
Anaimba.

Juni 26
Kimya! Kimya tangu saa sita mchana. Upepo mkali kutoka kusini-magharibi na mvua ya mawe, lakini kimya ni kimya.

Juni 27
Kimya. Bati la zizi limeng'oka. Sijali. Nimepangusa dirisha la chumba cha Marsaili.

Juni 28, Jumapili
Upepo umetulia. Tulikuwa kanisani, dirisha liko wazi, mhubiri kainua mkono tuombe, na kutoka mbali, ng'ambo ya makonde: krek-krek.

Sikuifuata ile sala.

Julai 4
Usubi wa jioni ni mwingi hata huwezi kusimama mlangoni. Nimehesabu sili kumi na wawili, mmoja mtoto. Mbayuwayu wametotoa kwenye zizi, vinywa vinne. Marsaili hahitaji mbayuwayu.

Julai 11
Ngoja niandike kwa mpangilio.

Saa kumi na moja alfajiri nilikwenda kuchota maji ya ng'ombe kwenye mfereji. Ng'ombe hunywa popote lakini mimi usingizi ulikuwa umekwisha. Nikaona majani yanatikisika. Akatoka ndege wa kahawia mwenye michirizi, kainama, haraka haraka, na nyuma yake vifaranga vitano vyeusi kama makaa, vidogo kuliko yai. Vyeusi! Na kila mtu hapa anajua vifaranga vya treani huzaliwa vyeusi. Vikavuka mfereji kimoja kimoja, cha mwisho kikaanguka majini kikatoka. Vikaingia upande wangu. Upande WANGU.

Nilisubiri mpaka saa moja kasoro ndio nikapiga simu, sikutaka kuonekana nina pupa.

"Mama, una hakika? Weusi kabisa?"

"Mwanangu, nimekuzaa wewe, nitashindwa kuona kifaranga?"

Akapiga kelele mpaka nikaondoa simu sikioni. Akasema leo hii anaomba ruhusa. Jioni akapiga tena: amepata. Anakuja na feri ya Agosti 4, wiki mbili, yeye na vifaa vyake. "Sihitaji hema," akasema, "nitalala chumbani kwangu."

Nimelia kidogo. Nimeoka skoni ishirini na nne bila sababu.

Julai 13
Dukani nimewaambia. Tormod kavua kofia akanipa mkono. Hata Seonag akanipa pakiti ya chai, "ya mgeni". Skoni nimezigawa njia nzima.

Julai 16
Nimeanza kufikiri atakula nini. Samaki wa heringi kwa viazi, bila shaka. Na jamu.

Julai 18
Nilikuwa ukutani namwelekeza Fearchar mahali nilipowaona. Sijui kwa nini nilimwita. Nilitaka naye aone. Tulikaa tumechuchumaa nusu saa, magoti yake yanalia kama mlango. Wakatoka. Yule mama na wanne, mmoja shakwe labda kamla. Wakasimama mahali peupe kwenye matope.

Fearchar alingoja mpaka wakapotea.

"Hao si treani, Mama Marsaili."

"Unasemaje?"

"Ni ndege wa mfereji. Watoto wao nao ni weusi. Ulimwona mama yao mdomo? Mrefu, mwekundu. Treani mdomo wake mfupi, kama wa kuku."

"Macho yako yamezeeka."

"Yamezeeka."

"Wewe wivu tu. Miezi miwili ndege yuko kwako hajazaa, akizaa kwangu unasema si yeye."

Akatoa kiko, akakitazama, akakirudisha. "Dume bado anaimba," akasema. "Sikiliza."

Nikasikiliza. Alikuwa anaimba.

"Mwenye familia ana kazi nyingine za kufanya," akasema Fearchar. Nikamwambia aende akafagie nyumba yake kwanza ndio aje afundishe watu ndege. Akaenda. Hakugeuka.

Jioni nikarudi peke yangu na darubini ya marehemu. Mdomo mrefu. Mwekundu kama mdomo uliopakwa rangi.

Julai 19, Jumapili
Leo hatufanyi kazi. Kupiga simu kuhusu ndege ni kazi.

Julai 20
Mvua. Laini ya simu huwa mbaya wakati wa mvua.

Julai 21
Mvua imekatika. Nimechoka.

Julai 22
Sili tisa.

Julai 23
Nimetoa godoro la Marsaili juani.

Julai 24
Anaimba. Sitaki kumsikia.

Julai 25
Marsaili kapiga simu usiku, sauti ndogo.

"Mama, nikuulize. Nataka unijibu kama mtu wa mradi, si kama mama."

Nikakaa.

"Kule kisiwa cha kusini kuna majike watatu wenye vifaranga, labda wanne. Wakulima wanaanza kukata wiki ya kwanza ya Agosti. Mimi ndiye niliyekuwa niende kutembea mbele ya trekta. Nikija kwako hakuna wa kushika nafasi yangu, mwenzangu kavunjika mguu. Wameniambia nichague, kisiwa chetu kilikaa miaka miwili bila treani, cha kusini kina wakulima wanaojua kidogo namna ya kukata. Nimesema nyumbani, kwa sababu ndio mara ya kwanza. Nimefanya vibaya?"

Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi wote, nilitakiwa kuingia tu.

Nikasema, "Njoo."

Julai 26, Jumapili
Sikwenda kanisani. Nimesema goti. Goti kweli linauma.

Watu wa nje hawajui trekta linavyofanya. Mkulima asiyejua huanza ukingoni, anazunguka konde kuelekea katikati. Vifaranga wanakimbia mbele ya kelele, wanarudi ndani ya majani yaliyobaki, kila raundi nafasi inapungua, maana kifaranga wa treani hawezi kukimbia mahali peupe, anapaogopa kuliko kisu. Mwisho kinabaki kiraka katikati, kama shuka, na wote wamo humo. Baba yangu alikata hivyo. Mume wangu alikata hivyo. Niliwaokota waliokatwa mimi mwenyewe nilipokuwa msichana, tukadhani ni panya.

Nimefikiri kiraka hicho siku nzima. Kisiwa cha kusini sijawahi hata kufika.

Julai 27
Nimepiga simu saa moja asubuhi kabla hajaenda kazini, kabla ya chai, ili nisipate nguvu ya kuahirisha.

"Marsaili, vifaranga si wa treani. Ni wa ndege wa mfereji."

"Nini?"

"Mdomo mrefu mwekundu. Nimemwona kwa darubini ya baba yako. Fearchar ndiye aliyeniambia, nikamtukana. Mie nilikosea, kweli nilikosea, usidhani nilitunga. Siku ile nilikosea."

"Tangu lini unajua?"

Ningeweza kusema jana. Nani angejua? Fearchar hasemi na mtu.

"Siku tisa."

Nikasikia gari linapita dirishani kwake, mjini Inverness, na mlango wa jirani, na maji ya birika.

"Siku tisa, Mama. Na juzi nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza kama mtu wa mradi."

"Mimi si mtu wa mradi, mwanangu. Nilijaribu."

Akasema, "Asante kwa kuniambia," namna ile anavyozungumza na watu wa ofisi. Akasema itabidi apige simu kabla ya saa mbili ili arudishwe kusini. Akasema nisisahau kuendelea na daftari. Akakata.

Nilikaa na simu mkononi. Halafu nikatoka kwenda kwa Fearchar. Miaka kumi na tisa sijavuka mlango wake. Jikoni kwake ni safi, kikombe kimoja, sahani moja, kisu kimoja. Nikamwambia, "Ulisema kweli, na mimi nilikuwa na mdomo."

"Mfupi au mrefu?" akasema.

Sikutaka kucheka. Nilicheka mpaka nikakalia kiti chake, na kisha si kicheko tena. Akamimina chai. Ilikuwa kali kama lami. Hakusema neno lingine lolote na mimi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, sikusema.

Julai 31
Anaimba kidogo tu, alfajiri. Nimemwachia Seonag fomu ya mradi ya kusahihisha kosa, iende na posta.

Agosti 2, Jumapili
Hajaimba.

Agosti 4
Feri imekuja. Nilishuka gatini kupokea unga wangu. Wameshuka watalii wawili wenye baiskeli na mtu wa mita za umeme. Seonag aliniona, akaangalia pembeni. Habari anayo, ila mara hii redio imezimwa. Sikutegemea hilo kwake.

Agosti 5
Mvua.

Agosti 8
Siku kavu. Fearchar kaleta trekta. Yeye ndiye hukata makonde ya upande huu, langu na lake, na kila mwaka nimekuwa nikiwaambia watu kwamba ndiye mkataji mvivu kuliko wote visiwani, konde la siku moja yeye siku tatu.

Akalipeleka trekta katikati kabisa ya konde lake, akaanza huko, anazunguka kuelekea nje.

"Kuna nini humo?" nikampigia kelele. "Si hakuna kitu! Dume kaondoka!"

Akazima injini. "Jike haimbi," akasema. "Huwezi kujua kama yupo mpaka umemkanyaga."

"Kwa hiyo kila mwaka unakata hivi?"

"Kila raundi nashuka, natembea mbele, napanda, nakata. Nashuka."

"Kwa magoti hayo?"

"Ndiyo niliyo nayo."

Nikachukua fimbo. Nikatembea mimi mbele, yeye nyuma na trekta, taratibu, kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi na mbili. Unatembea unapigapiga majani, unaangalia chini, shingo inakufa. Wametoka vyura sijui mia, sungura mwitu mmoja aliyenipa mshituko wa mwaka, panya, nyoka hakuna. Pale majani yanapotikisika unainua mkono, trekta linasimama, unangoja. Unangoja kitu ambacho labda hakipo. Mara ishirini na sita niliinua mkono, na mara ishirini na sita mzee yule alisimama bila kuuliza.

Hii ndiyo kazi anayofanya mwanangu. Nimekuwa nikisema "anahesabu ndege" nikidhani anakaa kwenye kiti.

Treani hakutoka. Hata mmoja.

Agosti 10
Tumekata langu, vilevile, kutoka katikati. Konde langu safi la kunyolewa halikutoa hata chura. Mwaka ujao upupu utakaa.

Agosti 13
Majani yamekauka vizuri. Mikono yangu ina malengelenge. Marsaili hajapiga tangu Julai 27. Mimi nilipiga mara mbili, nikakata kabla haijalia.

Agosti 16, Jumapili
Kapiga. Jioni, baada ya ibada. Sauti yake imekauka kwa jua na kelele.

"Kumi na watatu, Mama."

"Kumi na watatu nini?"

"Vifaranga. Wametoka mbele yangu, makonde manne. Kuna mkulima mmoja kule, mbishi, alitaka kuanzia ukingoni. Nikasimama mbele ya trekta. Akanitukana Kigaeli kizuri sana, ungekipenda. Akaanza katikati. Sita walitoka kwake peke yake, wakapita juu ya kiatu changu."

Nikasema, "Ulikula?"

"Nilikula." Kisha, "Fomu yako imefika ofisini kwetu. Umeandika mdomo mrefu mwekundu, na tarehe, na siku tisa zote umeziandika. Hukuhitaji kuandika siku tisa."

"Kulikuwa na nafasi pembeni."

Nikamuuliza Krismasi. Akasema wataona ratiba. Nikasema bila shaka, ratiba. Sikumwambia kwamba nami nimetembea mbele ya trekta. Ilikuwa siku yake.

Agosti 17
Nimekwenda dukani sina cha kununua. Nikangoja mpaka wakajaa watu wanne.

"Kumi na watatu," nikasema.

"Hapa?" akauliza Tormod.

"Si hapa. Hapa ni sifuri. Kule kusini. Mwanangu kasimama mbele ya trekta, mtu wa kilo hamsini na tano, likasimama. Kumi na watatu, mmoja baada ya mwingine, juu ya kiatu chake."

"Mama Marsaili," akasema Seonag, na nilijiandaa kwa mzaha. "Kiatu gani? Kile alichonunua hapa kwangu?"

"Kilekile," nikasema. Sijui ni kipi.

Agosti 31
Siku ya mwisho ya daftari. Mawingu, upepo wa kaskazini. Sili kumi na mmoja. Treani: dume mmoja, Mei 9 mpaka Julai 31. Majike: hatujui. Vifaranga: 0. Nimeiandika sifuri hiyo kwa uangalifu, imekuwa ya mviringo mzuri. Kurasa nitazituma na feri ya Jumatano.

Septemba 3
Sikuzituma. Bado kuna kurasa tupu kumi na mbili, na kunguru walifanya mambo asubuhi ambayo lazima yaandikwe na mtu.

Septemba 8
Baridi. Mbayuwayu wamejipanga kwenye waya wa simu, thelathini na nne. Fearchar kaleta kipande cha kondoo, kakiweka mlangoni, kaondoka bila kubisha.

Septemba 9
Waya mtupu.

Septemba 15
Dhoruba siku ya pili. Feri haiji. Mawimbi yanaruka barabara. Hakuna ndege aliyetoka, na mimi sikutoka.

Jioni simu ikalia. Nikajua atauliza nini, nikasema kabla hajauliza: "Hakuna treani, mwanangu, hakuna kitu, upepo tu."

"Najua hakuna treani. Ni Septemba. Nilikuwa jikoni. Hapa nako upepo. Bado unaandika?"

"Kidogo. Si kazi, ni upuuzi tu."

"Nisomee."

"Nikusomee nini? Ni kunguru."

"Nisomee kunguru."

Nikavaa miwani. Nikamsomea kunguru, walivyogombania soksi ya Fearchar kwenye kamba yake ya nguo. Nikasoma mbayuwayu. Nikasoma kipande cha kondoo, na goti langu, ambalo lilikuwa limeandikwa pembeni mara nyingi kuliko nilivyokumbuka. Nikarudi nyuma nikasoma vyura na sungura mwitu na mkono wangu niliouinua mara ishirini na sita. Nilisoma kurasa sita, mpaka koo likakauka, na upande wa pili hakukuwa na sauti yoyote, nikadhani dhoruba imekata laini na nimekuwa nikijisomea mwenyewe kama mwendawazimu.

"Marsaili?"

"Niko hapa, Mama. Endelea."